Nani Aliyekosa? Tafakuri juu ya Kuachiliwa Huru kwa Kukosa Ushahidi

Kuna sentensi moja ambayo msomaji wa magazeti yetu ya Kiswahili, na msikilizaji wa taarifa za habari redioni, ameizoea kiasi cha kutoisikia tena: "Mshtakiwa ameachiliwa huru kwa kukosa ushahidi." Makala haya yananuia kuisikiliza upya sentensi hiyo. Swali linalotushughulisha ni la kimaadili: mtu aliyeshtakiwa kwa kosa zito, kisha mahakama ikamwachilia kwa sababu ushahidi haukutosha, anarudi kwa watu akiwa nani? Hata hivyo tutaanza na sarufi, kwa kuwa tunaamini kwamba sehemu ya jibu ambalo jamii yetu imekwisha kulitoa, pasi na kujua kwamba imelitoa, imejificha humo.

Kitenzi-jina "kukosa" hakina nafsi. Hakituambii ni nani akosaye. Katika hali kama hiyo msemaji wa Kiswahili hukipa kitenzi-jina kiima cha sentensi kuu, na hukosea kwa nadra sana. Tukisema "Amefukuzwa kazi kwa kuchelewa," hakuna atakayeuliza ni nani aliyechelewa. Tukisema "Ameanguka mtihani kwa kukosa bidii," asiye na bidii ni huyo huyo aliyeanguka. Basi tusemapo "Ameachiliwa kwa kukosa ushahidi," sikio lililozoea muundo huu humtupia mshtakiwa upungufu ambao kwa kweli ni wa upande wa mashtaka. Na si upungufu tu. Kitenzi chenyewe kina maana mbili, kutokuwa na kitu na kutenda lisilofaa, na katika maana hii ya pili ndimo mlimozaliwa nomino "kosa" na "mkosaji". Hivyo sentensi iliyokusudiwa kumtoa mtu hatiani humtoa akiwa bado amefungwa nira ya kitenzi kile kile kilichomwingiza. Kuna pia neno "kuachiliwa", ambalo ni la mwenye kushika: ndege huachiliwa tunduni na deni huachiliwa mdaiwa, na katika yote mawili fadhili ni za mwenye kuachilia.

Pengine tutaambiwa kwamba huku ni kucheza na maneno, na kwamba mahakama haitoi hukumu kwa lugha ya magazeti. Ni kweli. Lakini aliyeachiliwa haendi kuishi katika hukumu iliyopigwa taipu. Huenda kuishi mtaani, na mtaani husemwa lugha ya magazeti.

Msimamo wa wengi kuhusu jambo hili waweza kuelezwa kwa ufupi. Mahakama, husema watu, haikutamka kwamba mtu huyu hakutenda. Imetamka tu kwamba haikuthibitishwa kwamba alitenda. Kwa hiyo sisi raia tuko huru kuendelea kumshuku. Sehemu ya kwanza ya hoja hii haina ila kimantiki. Scotland iliwahi hata kuwa na hukumu ya tatu, baina ya "ana hatia" na "hana hatia", iliyosema "haikuthibitishwa", na iliendelea kuwa nayo kwa karne kadhaa hadi Bunge lake lilipopitisha sheria ya kuiondoa mwaka 2025. Sehemu ya pili ndiyo tunayoipinga. Kutokana na kutojua hakuzaliwi haki ya kushuku. Huzaliwa wajibu wa kunyamaza, na wajibu huo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, hasa kwa watu ambao kazi yao ni hadithi.

Tumechagua mfano wa utekaji nyara kwa makusudi. Katika wizi, mali huweza kupatikana kwa mwizi. Katika mauaji, maiti huwa na jambo la kusema kwa anayejua kuisoma. Katika utekaji nyara, kilichoibwa ndicho shahidi. Aliyetekwa huondoka pamoja na macho yake, na arudipo, kama atarudi, huwa anajua mengi ya kule alikofichwa na machache ya pale alipotolewa. Neno letu wenyewe lina hekima hiyo: twateka nyara kama tutekavyo maji, na maji yakishatekwa kisima hakibaki na alama. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, hulieleza kosa hili kwa upana, kuanzia kifungu cha 254 hadi cha 259. Lakini kulieleza kosa ni jambo moja na kumpata mkosaji ni jingine. Kwa hivyo mashtaka ya aina hii huwa na mvuto wa hatari: jambo limetendeka, hapana shaka, kuna mtu anayelia, na walioko karibu kukamatwa si wale waliokwenda zao.

Mwezi wa Septemba 2011, katika hoteli moja ya kitalii karibu na kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, watu wenye silaha walimuua mtalii Mwingereza na kumteka mkewe, wakamvusha kwa mashua hadi Somalia. Mama huyo alizuiliwa kwa zaidi ya miezi 6 na kuachiliwa Machi 2012 baada ya fidia kulipwa. Watekaji walikwishakuwa ng'ambo ya mpaka. Aliyesimama kizimbani Lamu alikuwa mkata kuni na mrina asali, mtu wa jamii ya Waboni. (Jina lake silitaji. Limekwisha kutajwa vya kutosha.) Mwezi wa Julai 2013 mahakama ilimpata na hatia. Kwa wizi wa mabavu alihukumiwa kifo, na kwa utekaji nyara kifungo cha miaka 7. Nguzo ya ushahidi ilikuwa nyayo: alama za viatu mchangani, zilizodaiwa kulingana na viatu vilivyohusishwa naye. Mashauri yaliendeshwa kwa lugha ambazo hazikuwa lugha yake ya kuzaliwa, na kwa sehemu ya kesi hakuwa na wakili. Ilipofika Aprili 2023, Mahakama Kuu mjini Malindi iliifuta hukumu hiyo, upande wa mashtaka wenyewe ukiwa hauitetei tena. Alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka 11.

Hatuko hapa kuisikiliza upya kesi hiyo. Tunachouliza ni jinsi unyayo mchangani ulivyoweza kubeba uzito wa uhai wa mtu, na kwa nini, kwa muda mrefu hivyo, masimulizi yale yalionekana kuwa yamekamilika.

Jibu moja tutalipata katika methali zetu, ambazo nyingi ni nadharia za ushahidi. "Dalili ya mvua ni mawingu." "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Hizi hutufundisha kutoka kwenye alama hadi kwenye chanzo, na katika mambo ya bahari na kilimo hutufaa sana. Lakini iko moja inayovuka mpaka: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii huondoa kabisa uwezekano wa kosa. Jambo likithibitishwa, ilisema kweli. Lisipothibitishwa, lingali njiani. Kwa mtazamo wa methali hii hakuna mshtakiwa awezaye kuachiliwa, kwa maana kukosekana kwa ushahidi leo ni ahadi ya ushahidi wa kesho. Si ajabu kwamba ndiyo isikikayo zaidi barazani mtu arudipo kutoka rumande.

Ni haki kusema kwamba utamaduni huo huo una sauti nyingine. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," tunasema, tena kwa wepesi, kama kwamba kitanzi kilichomo ndani ya methali hiyo ni cha mzaha. Katika elimu ya fikihi, ambayo wanazuoni wa Lamu wameisomesha misikitini kwa vizazi, kanuni mbili zinajulikana hata kwa mwanafunzi wa kati: kwamba ushahidi ni juu ya mdai, na kwamba adhabu za hudud huzuiwa na shaka. Mabwana wa Uingereza walipokuja kuitangaza katika shauri la Woolmington mwaka 1935 kanuni ya kwamba mzigo wa kuthibitisha hauhami kutoka kwa mashtaka, walikuwa wakitangaza jambo ambalo pwani yetu ilikuwa na maneno yake tayari. Twalisema hili kwa sababu imekuwa desturi kumsikia mtu akidai kwamba kumwachilia mtuhumiwa kwa upungufu wa ushahidi ni adabu ya kizungu, isiyolingana na hisia zetu za haki.

Jibu la pili linatuhusu sisi wahakiki zaidi. Tumefunzwa kujaza mapengo. Wolfgang Iser na wenzake wa nadharia ya upokezi walitufundisha kwamba matini huwa na nafasi tupu, na kwamba msomaji hodari ni yule anayezijaza kwa yale matini yanayomruhusu. Tunawapa alama wanafunzi wetu kwa kufanya hivyo. Katika fasihi kazi hiyo haimdhuru mtu. Mhusika aliyebuniwa hawezi kunyongwa kwa tafsiri yetu. Tatizo ni kwamba stadi hii haibaki darasani. Mtu aliyezoea kuona kwamba kila bunduki iliyotajwa lazima ilie, kwamba kila mgeni aliyeonekana pembezoni mwa kisa ana jambo lake, huingia mahakamani, au husoma habari za mahakama, akiwa na njaa ya mshikamano. Na mshikamano si ushahidi. Kisa kilichosukwa vizuri chaweza kuwa cha uwongo kuanzia kikomo hadi kikomo.

Tena mapengo hatuyajazi kwa vitu vipya. Tunayajaza kwa vilivyomo ghalani. Tuutazame utenzi wa Fumo Liyongo kama ulivyotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Sultani wa Pate anapotaka shujaa auawe bila mkono wake kuonekana, hawaendei askari wake. Anawaendea Wasanye na Wadahalo, watu wa msituni, na kuwaahidi fedha. Nao wanapanga hila ya kupanda mikoma kwa zamu, ili zamu ya Liyongo ifikapo wamfume akiwa juu. Hila inashindikana, kwa kuwa Liyongo anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Tumeusoma utenzi huu mara nyingi kama utenzi wa ushujaa na wa usaliti wa mwana kwa babaye. Mara chache tumeusoma kama mahali ambapo mtu wa msituni anapewa kazi maalumu katika masimulizi ya pwani: kuwa mkono wa kukodiwa. Hana jina, hana nasaba, hana kisa chake. Bei yake tu ndiyo itajwayo. Waboni si Wasanye wala si Wadahalo, na anayewachanganya afanya kosa lile lile tunalolizungumza. Lakini machoni pa mtu wa mjini wote wameingizwa chumba kimoja. Hatudai kwamba hakimu au mpelelezi yeyote aliusoma utenzi. Tunadai kwamba kulikuwa na kiti kitupu ndani ya hadithi, kiti cha mwelekezi wa njia aliyelipwa, na kwamba kiti hicho kilikuwa na umbo la mtu wa aina fulani kabla ya mtu yeyote kukamatwa.

Hapa ndipo inapotubidi kuirudia Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), riwaya ambayo ni kesi ya jinai kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, na shtaka lake, jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau, ni kueneza elimu ya sheria. Anapewa siku 6 za kujitetea. Katika siku hizo anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi za jirani na kulipwa mateso waliporudi. Mwishoni anaachiliwa, nao wafungwa wanafunguliwa. Uhakiki wa riwaya hii umeshughulika sana na istiara ya ukoloni na majina ya kimajazi, na hatuna ugomvi na kazi hiyo. Ila tumeshangilia kuachiliwa kwa Karama bila kuuliza kulipatikanaje. Kulipatikana kwa ufasaha. Karama aliishinda mahakama kwa kuwa alikuwa msimulizi bora kuliko mshtaki wake. Alijaza siku 6 kwa maneno, na maneno yake yalikuwa mazuri, kwa lugha ambayo mfalme aliielewa.

Tujaalie basi Karama ambaye si msemaji. Tujaalie kwamba Kisadikika kwake ni lugha ya sokoni, ya kuuzia asali na kuni, kwamba anapoulizwa "Ulikuwa wapi?" anajibu kwa maneno matatu na kunyamaza, kwamba hana wajumbe 6 wa kuwasimulia. Je, Kusadikika ingemwachilia? Riwaya haina namna ya kumwokoa mtu huyo, kwa sababu mpango wake wote wa haki umejengwa juu ya dhana kwamba asiye na hatia ataweza kulisema hilo vizuri. Na tujuavyo sisi tunaofundisha lugha, kusema vizuri ni mali, na mali haikugawanywa sawa.

Kanuni ya mzigo wa kuthibitisha iliwekwa kwa ajili ya mtu huyo. Karama haihitaji. Maana yake halisi ni kwamba mshtakiwa ana haki ya kuwa msimulizi mbovu. Ana haki ya kutokuwa na kisa mbadala, ya kutokumbuka, ya kutoeleza ni nani basi aliyefanya. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 50, humdhania kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, humruhusu kunyamaza, na humpa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya kesi. Mara nyingi haki hizi husomwa kama orodha ya huduma. Sisi tunazisoma kama nadharia ya masimulizi: upande mmoja tu ndio uliobebeshwa wajibu wa kukamilisha hadithi, na ukishindwa kuikamilisha, hadithi inaachwa bila mwisho. Mahakama isemapo "ushahidi hautoshi" inafanya jambo ambalo ngano haiwezi kulifanya, na ambalo riwaya huliweza kwa shida: inakataa kumalizia.

Kuna pingamizi zito, nalo halitoki kwa wanaomchukia mtuhumiwa bali kwa wanaolilia haki ya wanyonge. Watatuambia: maneno "ushahidi haukutosha" yamekuwa ngao ya watekaji wenye nguvu kuliko yalivyokuwa kinga ya warina asali. Na watatupeleka Mississippi, nchini Marekani, ambako Agosti 1955 kijana Mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, alitolewa usiku katika nyumba ya mjomba wa mamaye, Mose Wright, na maiti yake ikapatikana katika mto Tallahatchie. Wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, walishtakiwa kwa mauaji. Wazee wa baraza 12, wote Wazungu, wote wanaume, waliwaachilia Septemba 23 baada ya mashauriano ya saa moja hivi. Utetezi ulikuwa umedai kwamba haikuwa hakika maiti ile ni ya nani. Novemba mwaka huo huo, baraza jingine, lenye kazi ya kuamua kama mtu ashtakiwe, lilikataa kuwafungulia hata shtaka la utekaji nyara, ingawa wenyewe walikuwa wamewakiria maafisa kwamba walimchukua kijana huyo na kudai kwamba walimwacha aende zake. Januari 1956, wakijua kwamba hawawezi kushtakiwa mara ya pili kwa mauaji yale, waliliuzia jarida la Look habari za jinsi walivyomuua.

Pingamizi hili haliwezi kuondolewa kwa kusema kwamba kila sheria ina kasoro zake. Tulijibu kwa kurudi kwenye kitenzi chetu. Katika kesi ya Mississippi, ni nani aliyekosa, na alikosa nini? Ushahidi ulikuwapo. Mose Wright alisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu waliokuwa na uwezo wa kumuua, akanyoosha mkono, akawaonyesha waliomchukua mtoto. Kilichokosekana ni masikio. Kuliita tukio hilo "kuachiliwa kwa kukosa ushahidi" ni kutumia sentensi isiyo na nafsi kumficha aliyekosa, na hapo ndipo uvivu wa kisarufi tuliouanza nao unapogeuka kuwa ushirika katika dhuluma. Lamu na Mississippi si ncha mbili za mizani moja ambayo tukiinua hii ile inashuka. Katika zote mbili kuna mtu ambaye neno lake halikuchukuliwa kuwa neno: huku mshtakiwa, kule shahidi. Mwenye kutaka watekaji wenye nguvu wafungwe hatafaidika kwa kulegeza kipimo kinachomkinga mnyonge, maana kipimo hicho kikilegezwa wa kwanza kupita chini yake ni mnyonge.

Wakenya wa rika letu wana sababu ya ziada ya kulielewa hili. Neno "nyayo", ambalo katika kesi ya Lamu lilikuwa alama za viatu, lilikuwa kwetu jina la siasa ya serikali tangu 1978, na jina la jumba ambalo chini yake watu waliokamatwa bila hati walifungiwa. Katika kesi za Mwakenya za 1986 na 1987 hapakuwa na upungufu wowote wa ushahidi. Palikuwa na ushahidi ulio bora kuliko wote, kukiri kwa mshtakiwa mwenyewe, na wengi walifungwa kwa huo. Ni baada ya miaka mingi, kuanzia 2010, ndipo Mahakama Kuu ilipoanza kuwapa fidia baadhi ya walioteswa humo. Mtu aliyeziona kesi zile hatakuwa mwepesi wa kumdharau hakimu anayesema, "Sijaridhika."

Yamebaki mambo ya kiutendaji, nayo si madogo. Wahariri wetu wanaweza kuandika: "Upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha mashtaka dhidi ya fulani." Sentensi ni ndefu kidogo, na tumewahi kuambiwa kwamba haienei katika kichwa cha habari. Lakini ina kiima, na kiima hicho ni kile kinachostahili. Sisi tunaofundisha Kusadikika tunaweza kuongeza swali moja katika mtihani: mwanafunzi aandike upya siku ya kwanza ya kesi, Karama akiwa amepewa mkalimani, na mkalimani huyo akiwa amechelewa.